Zima Spika, Ndipo Nitoke

Msimu wa harusi, soko la bangili la Firozabad, India, halipitiki. Kunvar, kijana mwenye gari la muziki wa maharusi, shati jeupe na nywele zimelazwa kwa mafuta, alikuwa akimchagulia dada yake bangili. Muuzaji, Surbala, binti mwenye kurta, ile kanzu fupi, ya manjano na ulimi mkali, akazigonganisha.

"Kaka, moja ina ufa. Sikia inavyolia."

"Inalia vizuri tu."

"Vizuri? Kama kopo! Umeziba masikio kwa nta?"

Kunvar akacheka, akainunua hivyo hivyo. Kesho yake akaja kuirudisha. Halafu akawa anakuja bila sababu.

Mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Mpenzi, si uvae vizibo vya masikio? Vinauzwa duka la dawa."

"Mwenye muziki azibe masikio? Watanicheka mpaka Agra, roho yangu."

Hapo ndipo watoto wetu wanapotuponyoka. Ule mlio unaobaki kichwani baada ya sherehe wanauita uchovu. Si uchovu jamani, ni sikio linaumia!

Siku moja Surbala alimwita barabarani mbele ya mashoga zake. Kunvar akapita, hakugeuka. Mashoga wakaangua kicheko. Surbala akakata mawasiliano, na alipopokea simu tena alipokea kwa kufoka.

"Umepata mwingine?"

"Nimepata filimbi kichwani, Surbala. Hailali. Sikio la kulia, la upande wa spika, daktari kasema ndiyo basi. La kushoto bado linaokoleka."

Surbala akalia, kisha akapandwa na hasira. "Basi tutaliokoa. Atakayenuna na anune."

Kunvar akaacha kupiga muziki. Lakini siku ya harusi yao, baba yake mdogo alileta gari la kukodi, spika zimepangwa hadi juu. Msafara wa bwana harusi bila kelele? Watu wangedhani ni matanga! Msafara ukafika kwa kina Surbala, Kunvar juu ya farasi, madirisha yakatetemeka. Surbala, sari nyekundu, shada mkononi, akagoma ndani.

"Mwanangu, toka, watageuza farasi!" mama yake akamsihi.

"Wageuze. Sitoki mpaka wazime."

Mama mkwe akapayuka getini: "Bibi harusi gani wa kutuamrisha?"

Surbala akatoa kichwa dirishani. "Mama, shikamoo yako naitoa. Lakini mwanao anabaki kiziwi, na mimi sikubali!"

Kunvar hakusikia neno, ila aliona kidole cha Surbala kikionyesha spika. Akaruka kutoka kwenye farasi, akapanda garini na kung'oa waya.

"Umetuaibisha!" baba mdogo akafoka.

"Aibu itapita, baba mdogo. Uziwi haupiti."

Surbala akatoka, akamvisha shada. Walipofika mbele ya moto wa viapo, akaenda moja kwa moja kukaa kushoto kwa Kunvar.

"Binti, anzia kulia!" pandit, kuhani wa kufungisha ndoa, akashtuka. "Kushoto ni baada ya viapo."

"Panditji, sikio zima liko huku. Viapo vyangu nataka avisikie."