Filimbi Isiyopulizwa

Jua lilikuwa linajificha nyuma ya mlima, jirani yangu Verlene alipoingia karakanani na filimbi ya mumewe Hobart, imeviringishwa kwenye kitambaa. Alikuwa amejifunga skafu mdomoni. Tangu Hobart afe, hatukuwa tumemwona bila skafu hiyo. Tulidhani anaumwa meno.

"Nimalizie, mwalimu," alinong'ona. "Hobart aliiacha bila pambo."

Tangu nistaafu kufundisha watoto, kazi yangu ndiyo hii. Wanaume wa hapa huchomeka mifupa mitatu ya bawa la bata mzinga, mmoja ndani ya mwingine. Mimi huisugua kwa msasa, hufunga uzi kwenye maungio, huchora kwa sindano, kisha hupaka wino ujae mikwaruzoni. Filimbi hii haipulizwi. Mwindaji huifyonza kama anayebusu, nayo hulia kama bata mzinga jike. Dume likisikia, huja.

"Nikuchoree nini?"

"Chochote. Ila uijaribu mwenyewe. Hapahapa."

"Haraka ya nini, shoga? Unakwenda kuwinda na skafu?"

Hakucheka.

Nilichora jani la mwaloni. Nilipofuta wino, nilisikia harufu ya uboho mbichi, ilhali mfupa ulikuwa mkavu kama chaki. Nikaitia mdomoni. Nikavuta.

Kyo. Kyo. Kyo.

Kitu cha baridi kikateleza kooni.

Kule msituni, kitu kikaitika... Vuuum. Sikukisikia kwa masikio. Nilikisikia kwa nyayo, sakafuni.

Verlene akavua skafu. Midomo yake ilikuwa mizima. Akavuta pumzi ndefu, kimya kabisa, machozi yakamtoka.

"Nisamehe, Orpha. Wajukuu wangu walikuwa wananikimbia."

"Umenifanya ni..."

Nikavuta hewa nimalizie neno.

Kyo.

Sauti ilitoka kifuani mwangu.

"Kinafuata pumzi," alisema Verlene, tayari yuko mlangoni. "Hobart alikiita bondeni. Kikamfikia kabla hajapata wa kumpa. Nami, mjinga, nikaiokota pale alipoanguka, nikaijaribu; tangu hapo nimekuwa nikizima mlio kwa skafu. Mpe mwingine avute. Fanya upesi!"

Akakimbia.

Nikafunga komeo. Kila nilipopumua, nililia. Kila nilipolia, kiliitika. Punde nikasikia majani makavu yakikwanguliwa, kama bata mzinga anavyochakura. Lakini hatua zilikuwa nzito kama za ng'ombe dume. Kikazunguka karakana. Kikazunguka tena.

Kisha taa za gari. Hatua zikakoma.

Alikuwa Lonzo, aliyekuja kuchukua filimbi za kuuza gulioni. Mtu mzima sasa, ndevu tele, lakini ni mimi niliyemfundisha kushika penseli. Akachungulia dirishani.

"Mwalimu! Unafuga bata mzinga humo? Au mchungaji amekuja kuchumbia?"

Nikafungua dirisha kidogo. Nilibana pumzi, filimbi ingali mkononi, nikatikisa kichwa.

"Lo, hiyo ya jani la mwaloni! Lete niionje."

Akaingiza mkono. Mkono wa kushoto, uleule niliokuwa nikiuongoza kwenye herufi.

Kifua kilikuwa kinawaka. Nyuma yake, gizani, kitu kirefu kilisimama kati ya miti. Kilikuwa kinangoja pumzi... yangu au ya Lonzo, kwake ilikuwa mamoja.

Nikamnyooshea filimbi. Ndiyo, nilimnyooshea. Vidole vyake vikaigusa. Tayari alikuwa amechongoa midomo, kama anayebusu.

Nikaipokonya, nikaitupa ndani ya jiko la kuni.

"Ee! Mwalimu, umerukwa?"

"Nenda nyumbani, mwanangu." Kyo. "Usishuke garini mpaka uone taa za kwenu."

Akaniangalia kifua. Hakutania tena. Gari likaondoka kwa kasi.

Mfupa ukaungua taratibu. Harufu yake ilikuwa ya nywele. Niliomba moto umalize yote. Nilijizuia kupumua mpaka macho yakaona nyota, ndipo nikavuta hewa kidogo, kwa pua.

Kyo.

Nikasikiliza. Hakikuitika.

Nikapumua tena. Kyo. Kimya. Hata majani hayakusogea.

Mtoto yeyote wa milima hii angefurahi, angefungua mlango. Lakini wawindaji wa hapa watakuambia: dume huitika likiwa mbali. Likishafika karibu na kumwona jike, hunyamaza.

Nimekaa sakafuni, mbali na jiko, mgongo ukutani. Napumua kidogo kidogo.

Ukuta una joto.