Kadi ya Peniel

Kilichomshtua Chediel kwelikweli kilikuwa kitu kidogo tu: feni. Alirudi nyumbani Utemini, mjini Singida, jioni, umeme umekatika mtaa mzima tangu mchana, mashine za kusaga zimenyamaza, saluni imenyamaza, na kule chumbani kwake feni ya kompyuta inavuma taratibu. Akasimama mlangoni. Feni ikanyamaza, kama mtu aliyekuwa akijiimbia peke yake akasikia hatua. Ndani kulinukia moshi wa risasi ya kulehemu.

Akajiambia ni uchovu. Chediel alikuwa hodari sana wa kujiambia mambo.

Lakini harufu ile aliijua. Ilikuwa harufu ya mashati ya kaka yake Peniel, fundi wa kompyuta kule Kariakoo, ambaye walikuwa wamemzika kijijini majuzi tu.

Miaka ile soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, kompyuta za mitumba zilishuka Dar kwa makontena, na vijana wa Singida ambao hawajawahi kugusa kibodi wakawa wanabishania prosesa kama wanavyobishania mpira. Chediel, muuza kaseti na betri pale stendi, alikuwa na ndoto moja: kuunda kompyuta yake ya kwanza ya kuchezea gemu, ile ya mbio za magari aliyoonyeshwa na Peniel. Pesa ilikuwa ya kuungaunga, kwa hiyo akachagua kwa akili, na hapo sifa zake nampa. Kasha akachukua lililobonyea, maana kasha haliongezi mwendo. Monita akachukua ya kichogo, yenye mstari wa kijani pembeni. Kwenye prosesa, ubongo wa mashine, akapunguza kidogo ili aongeze ram, kumbukumbu yake. Pawasaplai, ile ya kugawa umeme ndani, hakuibania, kwa sababu Peniel alimwonya kwa simu: "Mdogo wangu, bania vyote, hiyo usiibanie. Itakuunguzia na vingine."

Ikabaki kadi ya picha. Bila kadi, gari la kwenye gemu lilikwenda kwa kurukaruka kama panzi. Na kadi ya maana ilikuwa ghali kuliko vyote alivyokwisha kununua.

Ndipo Peniel akafa, homa tu, na jeneza likaja na basi pamoja na sanduku lake la bati. Ndani mlikuwa na koti, viatu, redio, pasi ya kulehemu, na kadi ya picha nzuri yenye feni yake ndogo. Sanduku likafungwa kamba, likawekwa chumbani kwa mama, nyumba ileile ya Utemini. Kila mtoto wa ukoo ule anajua: vitu vya marehemu haviguswi mpaka ukoo ukutane kuanua tanga, na siku hiyo mama mzazi ndiye anayechagua wa kwanza. Baba mdogo Hosea akasema tanga lingoje mavuno ya alizeti.

Chediel akaona alizeti iko mbali. Jumapili moja mama akiwa kanisani, alifungua kamba, akatoa kadi, akafunga kamba vilevile. Ni kadi tu, alijiambia, si shati. Peniel mwenyewe angenipa.

Picha ikang'aa ajabu. Chediel akafurahi siku chache kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Kisha akaona kwamba katika mbio zake kuna gari jingine, jekundu, ambalo hakulichagua. Halikumpita wala halikubaki nyuma. Aliposimama, lilisimama. Alipogeuza, liligeuza, likawa linakuja ubavuni mwake polepole, mlango wake uko wazi.

Akaacha kucheza. Lakini kompyuta haikuacha, na ndipo ikaja ile jioni ya feni.

Mambo haya yangebaki yake peke yake kama si mama. Mama Peniel hakuwa amelia tangu msiba. Alipika, alifagia, aliitikia shikamoo za watu, na macho makavu kabisa. Jambo hilo ndilo lililomkosesha Chediel usingizi, maana alikuwa amebaki na mama huyo mmoja na hakuwa na mwingine wa kumpenda duniani. Sasa, siku ya pili baada ya ile ya feni, alirudi akamkuta mama ameketi mbele ya monita, kandambili amezivua mlangoni kama mgeni, anazungumza Kinyaturu kwa sauti ya chini.

"Mama, unaongea na nani?"

"Punguza sauti," mama alinong'ona bila kugeuka. "Kaka yako amechoka. Ametoka mbali."

Mezani palikuwa na sahani ya ugali wa mtama na mlenda. Ulikuwa wa jana, umekauka, na sisimizi waliojipanga ukutani walikuwa wameupita mbali, hata mmoja hakuugusa, na Chediel alipoinama chini ya meza ili achomoe waya aone kama upuuzi huu utakwisha, mkono wake ukapapasa ukutani, ukapapasa tena, ukaukuta waya umelala sakafuni, umechomolewa zamani na una vumbi, na hapohapo juu ya kichwa chake, kutoka kwenye spika ndogo alizozinunua kwa kubembeleza bei, sauti ya Peniel, ileile ya kukwaruza kidogo, ikasema kwa Kinyaturu cha nyumbani: "Mama, mlenda bado?"

Chediel alitoka mbio mpaka barabarani. Mama akabaki.

Akawa habanduki pale. Chakula chake akikipeleka mezani kule, yeye mwenyewe hali, na mifupa ya shingo ikaanza kuonekana. Chediel akaona kwamba akiendelea kuficha atamzika na mama pia. Akaenda kwa baba mdogo, akapiga shikamoo, akaeleza yote akitazama chini.

"Umefungua sanduku kabla ya tanga?" Hosea aliuliza.

"Nimetoa kadi tu, baba."

"Kadi ndiyo nini?"

"Ni ya... kuonyesha picha."

Hosea alivuta kiti chake karibu. "Nyamaza, usiseme kwa nguvu," alisema, ingawa walikuwa wawili tu.

Wakamleta Elina kutoka Sepuka, mganga mwenye sifa na asiye na subira. Alishuka kwenye baiskeli, akadai soda kwanza, akanywa yote, ndipo akaingia. Alichoma dawa mpaka chumba kikawa moshi mtupu. Akaweka sikio kwenye kasha lililobonyea, akasikiliza kitambo.

"Huyu si mtoto wenu," alisema. "Mtoto wenu amelala. Huyu ni jini wa njiani. Amekuta kamba imefunguliwa mapema, akavaa sauti ya mwenye sanduku. Sasa anataka nyumba ya kukaa."

Akamwamuru Chediel achomoe kadi. Feni zote zikalia kwa pamoja, na spika zikapiga yowe: "Mama, wananifukuza!" Mama alijitupa mbele. Hosea akamshika mabega, naye mwenyewe machozi yanamtoka, maana sauti ile ilikuwa ya mtoto ambaye yeye ndiye alimfundisha kuendesha baiskeli. Chediel akavuta. Kimya kikaingia.

Elina akaifunga kadi kwenye kitambaa cheusi, akairudisha sandukuni. "Anueni tanga kesho. Mama achague, kama desturi. Akichagua kingine chochote, kadi nitakwenda kuizika mimi, na habari imekwisha. Akiichagua kadi, amempa nyumba yeye mwenyewe, nami sina la kufanya. Lakini mtu asimwambie achague nini. Chaguo la kulazimishwa si chaguo, huyu atarudi."

Asubuhi ukoo ukaketi mikekani uani. Vitu vikapangwa: koti, viatu, redio, pasi ya kulehemu, kitambaa cheusi. Mama akapita taratibu. Akaliinua koti, akalinusa, akalikumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalia, kilio kikubwa, na wanawake wakalia naye. Chediel akashusha pumzi. Aliona amepona, wamepona wote.

Mama akalikunja koti vizuri, akalirudisha mkekani. Akainama akachukua kitambaa cheusi.

"Mama, hapana," Chediel alinong'ona. "Si yeye."

"Najua si yeye," mama alisema. "Mimi ndiye niliyemzaa, nisimjue? Lakini ananiita kwa sauti yake."

"Na mimi je, mama?"

"Wewe upo, mwanangu. Yeye hayupo." Akamtazama bila hasira, na hilo lilimuumiza zaidi. "Wewe ulichagua kabla yangu, nami sikukusemea kwa mtu. Leo ni zamu yangu."

Hakuna aliyekuwa na haki ya kumpinga mama mzazi siku ile. Elina akachukua mkoba wake, akaenda kwenye baiskeli bila kuaga. Mama akaifungua kadi, akaitia ndani ya khanga, kifuani, akajifunga vizuri.

"Haya, twende ndani ukale," alisema kwa upole, na hakuwa anamtazama Chediel. Chini ya khanga, feni ndogo ikaanza kuvuma.