Dashibodi ya Maboksi

Wiki ya kufungua shule, duka la vifaa vya kuandikia lilijaa wazazi mpaka mlangoni. Kwenye msongamano huo alisimama fundi wa mapambo ya jukwaa, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, gauni la njano, mkono mmoja wa gauni una madoa ya rangi nyeusi. Alikuwa akichagua plastiki angavu ya kufunikia madaftari, akiipima juu ya saa ya kupimia mwendo wa ndege, ya mchezo wa jukwaani, aliyoitengeneza kwa kadi ngumu na kifuniko cha chupa ya jamu.

Sauti ya mwanamume ikatokea nyuma yake, taratibu. "Samahani dada. Hiyo saa ya mwendo umeikosea. Za ndege ndogo za zamani hazianzi sifuri, zinaanzia arobaini."

Aligeuka akakutana na kifua, ikabidi ainue uso. Shati jeupe lililonyooka, viatu vinavyong'aa, macho ya mtu asiyelala vizuri. Akamuuliza amejuaje. Yule bwana akasita, kisha akasema mjomba wake alikuwa fundi wa ndege.

"Basi mjomba aje aniandikie upya hizi namba."

"Mjomba ni mzee. Mpwa hafai?"

Mpwa alifaa. Tangu siku ile alimwita Mrefu, naye Mrefu akamwita Fundi. Saa za ndege za mchezo wa jukwaani zilipokamilika, Mrefu alimletea picha ya ndege ya zamani ya viti viwili, akaomba amtengenezee dashibodi yake nzima, zawadi ya mjomba.

Kila Jumamosi alasiri alikuja barazani kwa Fundi, akakunja mikono ya shati. Walikata ubao wa dashibodi kutoka boksi la friji. Mishale waliikata kwenye kopo la soda. Rangi nyeusi waliichanganya na poda ya mtoto ili isimetemete, na kingo wakazipitishia brashi kavu yenye rangi ya fedha kidogo, zionekane zimechakaa kwa kushikwashikwa. Siku za katikati walipigiana simu. Mrefu akimuuliza amekula nini, Fundi humjibu amekula gundi. Naye humwambia basi asifunge mdomo, utanasa, na yeye bado ana maneno anayotaka kuyasikia kwake.

Jambo moja tu lilimtia Fundi wasiwasi. Alasiri moja alikuwa akijaribu mshale wa saa ya mizunguko ya injini, akaushusha mpaka chini kabisa. Mrefu akaweka brashi chini. Jasho likamtoka midomoni. Akamwomba aupandishe, tafadhali, aupandishe sasa hivi. Fundi akaupandisha, asiulize.

Dashibodi Mrefu alishaichukua kwake; kipande cha mwisho kilikuwa dira, aliyoirudisha akidai ina kasoro. Alikipeleka mwenyewe nyumbani kwa Mrefu, bila kupiga simu, akitaka kumshtukiza. Mlango ulifunguliwa na shangazi yake, mama mfupi mwenye miwani, aliyemlea Mrefu tangu utotoni. Akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha chumba cha pili.

Mrefu alikuwa amekaa mbele ya ile dashibodi, macho amefumba. Mikono ilikuwa ikishika vitu visivyokuwepo. Shati lilikuwa limelowa mgongoni. Alikuwa akisema peke yake, kwa sauti ya mtoto anayeota, "Imezima. Shusha pua. Tafuta pa kutua. Imezima."

Fundi alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Akamuuliza shangazi kama ni mambo ya yule mjomba fundi wa ndege yamemwingia kichwani.

"Mjomba gani, mwanangu? Mama yake hakuwa na kaka."

Ndipo akaambiwa. Mrefu alikuwa rubani. Miaka miwili iliyopita injini ilizima angani akaangukia shambani; mwenzake alivunjika miguu yote miwili, na yeye hakupanda ndege tena. Sasa alikuwa amejiandikisha kutahiniwa upya, kwenye ndege ya aina ile ile.

"Nimemsihi nimechoka," shangazi alisema. "Na hayo maboksi yako, ni jeneza unamchongea."

Fundi aliondoka na dira yake mkononi. Simu iliita jioni nzima asiipokee. Alijiambia ametumiwa, kwamba mapenzi yote yale yalikuwa njia ya kupata dashibodi. Lakini akifumba macho aliona mshale mmoja unashuka, akajua ile si hasira, ni hofu. Siku ya nne ukaja ujumbe wa Mrefu: shangazi amemweleza yote, mtihani ni kesho saa tatu asubuhi, naye hamlaumu.

Kesho yake alimkuta shangazi kwenye uzio wa uwanja mdogo wa ndege. Hawakusalimiana, walishikana mikono tu. Ndege ilikuwa imeshapaa, Mrefu na mtahini ndani yake. Fundi alijua kila kilichokuwa mbele ya uso wa Mrefu, kila namba aliiandika kwa mkono wake. Ila zile zake za maboksi hazingemuua mtu zikikosea.

Ndege ilipokuwa juu yao, mngurumo ukakatika.

Kimya. Shangazi akakaa chini kwenye nyasi kama mzigo ulioachiliwa. Fundi akaing'ang'ania senyenge ya uzio mpaka ikamchoma viganja. Ndege ilikuwa inashuka, pua chini, imekaa sawa. Makanika wa uwanja akapita na spana yake, akawaona, akawaambia wasiwe na hofu: mtahini ndiye amepunguza injini makusudi, ndiyo mtihani wenyewe, na rubani haambiwi ni lini. Hata hivyo Fundi hakupumua mpaka mngurumo uliporudi, na hakuachia senyenge mpaka magurudumu yalipogusa ardhi.

Mrefu alikuja akitembea kama aliyetoka kuumwa.

"Kwa nini hukuniambia?" Fundi aliuliza.

"Ungeniogopea. Na mimi hofu yangu peke yake ilikuwa imenishinda kuibeba."

"Na mimi ulinipendea maboksi?"

"Maboksi yaliisha mwezi uliopita, Fundi. Mimi ndiye niliyekuwa nazua kasoro kila Jumamosi ili nirudi." Akafuta uso kwa kiganja. "Nimefaulu. Nitakuwa juu kila wiki, na nitakuwa naogopa, sitakudanganya tena. Ukinitaka hivyo hivyo, shangazi alete posa kwenu. Ukikataa, nitaelewa."

Fundi alimkunjia mikono ya shati, kama Jumamosi barazani.

"Kuogopa nitaogopa tu, uwe wangu usiwe wangu," alisema. "Basi bora niogope nikiwa mkeo kuliko nikiwa mtu baki."

Shangazi, bado amekaa kwenye nyasi, akanyoosha mkono ainuliwe. Alisema posa ataipeleka Jumamosi, ila wasimletee habari za usafiri wowote. Atakwenda kwa miguu.