Bibi wa Ujerumani

Krr, krr, krr. Jogoo wa jirani alikuwa hajawika, na sauti hiyo ilitoka jikoni kwa Bibi Debora, pale Magomeni, Kilosa mjini. Mjukuu wake Yared, aliyekuja jana yake kutoka Mikumi na kulala sebuleni, alidhani ni panya. Aliponyanyuka kuchungulia alimkuta bibi ameketi kwenye kigoda, kisu cha mboga mkononi, anakereza ukanda wa ndala yake ya kushoto.

"Shikamoo, bibi. Unafanya nini gizani?"

"Marahaba, mume wangu. Naipanua ndala. Mguu na bandeji yake haviingii, na mjini siwezi kwenda peku. Watasema umeoa maskini."

"Mke mwenyewe mzee hivi, nani atanionea wivu?"

"Mzee, lakini chai nimeshachemsha. Huyo msichana wako wa Mikumi anajua kuchemsha chai?"

Wakacheka wote wawili. Utani huu mnaujua. Kwa Wakaguru, kama kwa wengi wetu, bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake. Debora, mzaliwa wa vilima vya Mamboya, alimchukua Yared akiwa na miaka minne, siku mama yake alipozikwa, na tangu siku hiyo alimwita hivyo. Alimwita hivyo akimwogesha, akimpeleka shule, akimkemea.

Sasa bibi alikuwa na sukari, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa na kidonda kisichofunga. Daktari wa Kilosa alikuwa amemwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam. Barua ilisema mambo matatu: kliniki ya miguu ni Jumanne peke yake, mgonjwa afike kabla ya saa saba mchana, na mguu usikanyagiwe ovyo. Yared aliisoma kwa sauti, bibi akaikunja na kuiweka kwenye mfuko wake.

Nimweleze na Yared kidogo, msije mkamdhania mtu mbaya. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kule Mikumi alikuwa na kibanda karibu na maegesho ya malori, akiwawekea madereva filamu na nyimbo kwenye simu. Alipenda sana katuni za Kijapani. Kuta za kibanda hazikuonekana kwa picha zake. Hilo si kosa. Kosa lilikuwa kwenye simu. Alikuwa kwenye kundi la wasapu la wapenzi wa katuni, vijana wa Dar es Salaam ambao hakuwahi kuwaona, na humo walimwita Kapteni. Ili asionekane wa kibandani, aliwaandikia kwamba bibi yake anaishi Ujerumani na ndiye anayemtumia zile sanamu ndogo za katuni. Picha za sanamu alizitoa mtandaoni. Watu wakamwamini, na kila wiki wakamuuliza: bibi wa Ujerumani ametuma nini?

Treni ya umeme iliwafikisha Dar es Salaam saa nne kasoro. Yared alitazama saa, akaona hadi saa saba kuna muda mwingi. Balaa lilianzia kwenye huo muda mwingi.

"Bibi, tupite Kariakoo kidogo tu. Kuna vitu nataka kuviona."

"Ni mbali?"

"Hapo hapo tu."

"Haya. Mji unaujua wewe."

Maduka aliyoyataka yalikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa imekufa. Bibi alipanda ngazi ameshika ukuta, akipumzika kila baada ya hatua chache. Mbeba mizigo mmoja, mwenye robota la vitenge begani, alisimama kabisa na kujibana pembeni ili mzee apite. "Shikamoo, mama. Pole na ngazi," alisema, na jasho likimtiririka. Yared hakumwona. Alikuwa ameshafika juu.

Kule juu kulikuwa na korido ndefu, duka baada ya duka. Mabango, fulana, kofia, vikombe, mabegi, vyote vina sura za katuni, na muziki wa kigeni ukipigwa kila mlango. Yared alitembea kama aliyeingia ndani ya simu yake mwenyewe. Duka la kwanza akashika fulana. La pili akapiga picha. La tatu lilikuwa la sanamu, zimepangwa nyuma ya vioo, na mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, aitwaye Perpetua.

Bibi Debora alikuwa akimfuata mjukuu wake kwa nyuma. Mguu ulikuwa unapwita. Hata hivyo alipofika kwenye kioo alisimama, akatazama.

"Mwanangu, huyu wa nywele za bluu nani kamsuka? Na macho yote haya, halali?"

Mama Perpetua akacheka. "Huyo, bibi, ndiye anayenisomeshea watoto. Njoo ukae hapa." Akampa kiti chake mwenyewe, yeye akasimama. Akamletea na maji ya kunywa.

Ndipo walipoingia vijana wawili, kaka na dada, wamevaa fulana zinazofanana. Walikuwa Ashrafu na Happiness, viongozi wa kundi la wasapu. Yared alikuwa amewaandikia asubuhi kwamba atapita.

"Kapteni! Ndiye wewe?" Ashrafu alimkumbatia. "Mbona mfupi hivi? Kwenye picha ulipanda tofali?"

"Muache mwenzio," alisema Happiness. "Kapteni, bibi wa Ujerumani hajambo?"

"Hajambo," alijibu Yared.

Wakati huohuo sauti ikatoka kwenye kiti: "Mume wangu, mguu unaniwaka. Saa haijafika?"

Ashrafu aligeuka, akacheka. "Mume wangu! Oya, si bibi yako huyo?"

Neno moja tu lilikuwa linatakiwa hapo. Yared alimtazama bibi yake: kitenge kilichopauka, mfuko wa plastiki mapajani, ndala iliyokatwa, bandeji imeshaanza kuwa ya njano. Kisha akawatazama wenzake.

"Hapana, bwana. Tumepanda naye treni moja. Anakwenda hospitali, hajui njia, nikaona nimsaidie. Wazee wa bara hao. Kila kijana kwao ni mume."

Aliyasema hayo hatua tatu kutoka kwenye kiti.

"Una moyo, Kapteni," alisema Happiness, na alimaanisha. "Mimi ningempita." Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi. Kijana huyu amekusaidia?"

Bibi Debora alimwangalia Yared. Hakumwangalia muda mrefu.

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo, amenisaidia. Mtoto wa watu huyu. Mungu amzidishie."

Happiness akataka picha. Aliwaambia washikane mikono, na Yared akaushika mkono uliomlea kama anashika mkono wa mgeni. Picha ikaingia kwenye kundi palepale, na sifa zikaanza kumiminika: msamaria mwema, kijana mwenye utu, tuige mfano. Simu ilimtetemeka mfukoni. Kila ilipotetemeka alitamani sakafu ipasuke, lakini aliendelea kutabasamu.

Saa sita na robo Ashrafu alisema mtaa wa pili kuna duka linafungua boksi jipya la kadi za katuni. Yared aliinama karibu na kiti. "Nakuja sasa hivi. Kidogo tu, halafu twende."

"Haya, kijana," alijibu bibi.

Kijana. Hata dereva wa bajaji huitwa hivyo.

Alirudi saa nane na nusu. Kadi zilikuwa nyingi, foleni ndefu, na aibu nayo ilimchelewesha, maana hakujua atarudi na uso gani. Duka la sanamu lilikuwa limefungwa. Kwenye sakafu ya korido kulikuwa na alama za majimaji yenye damu, nusu unyayo, nusu unyayo, kuelekea ngazini. Binti wa duka la jirani alimweleza: bibi alijaribu kwenda mwenyewe hadi ngazini, Mama Perpetua akaona bandeji imelowa, akaisoma barua kwenye mfuko wa bibi, akapiga kelele. Wabeba mizigo wawili walimshusha bibi akiwa kwenye kiti, ghorofa zote tatu, na wakakataa kulipwa.

Hospitalini nesi wa mapokezi alikuwa na fomu mbele yake.

"Namtafuta Debora, ametoka Kilosa."

"Mgonjwa amesema hana ndugu hapa mjini. Wewe ni nani wake?"

Kabla hajajibu, Mama Perpetua alinyanyuka kwenye benchi. Kanga yake ilikuwa na damu. "Si ndiye yule kijana wa kwenye treni! Umerudi kumwangalia? Mungu akubariki, baba. Siku hizi vijana kama wewe hawapo."

Watu kwenye benchi wakageuka kumtazama kwa wema. Yared aliona heri wangemzomea.

"Mimi ni mjukuu wake," alisema. "Amenilea yeye."

Mama Perpetua alimtazama kuanzia viatu hadi usoni, na uso wake ukabadilika polepole. Lakini hakumtukana. Alimkabidhi mfuko wa bibi, akasema kwa sauti ndogo, "Basi saini hapo. Wanamtafuta ndugu tangu saa nane."

Daktari alimuuliza mgonjwa ametembea wapi. Yared akataja ngazi, korido na maduka matatu. Daktari akaacha kuandika.

"Mguu huu haukutakiwa kukanyagiwa. Kidonda kimechanika hadi ndani, na timu ya miguu iliondoka saa saba. Asubuhi tungejaribu kuuokoa."

"Mngeweza?"

"Sijui. Tungejaribu."

Bibi alikuwa kitandani, mguu umefunikwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekula?"

Yared akalia. "Bibi, nisamehe."

"Nimekusamehe tangu kule kule. Punguza sauti, wenzako wasije wakasikia kwamba mimi ni wako."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa bado anamlinda, na ndiyo maana maneno hayo yalimchoma Yared kuliko kisu.

Jumatano mguu ulikatwa, juu kidogo ya kifundo. Usiku ule Yared aliandika ukweli kwenye kundi, wote, kuanzia Ujerumani. Ashrafu alimcheka, wengine wakamtoa. Happiness aliomba namba ya bibi tu, akampigia mwenyewe kumpa pole.

Mngedhani habari imeisha. Yared alimrudisha bibi Kilosa, akakimbilia Mikumi, na hakuonekana tena. Kila wiki alimpa dereva wa gari la Kilosa mfuko wa unga, maharage, mafuta na dawa. Mwenyewe hakwenda. Alijiambia kwamba bibi hataki kumwona. Kweli ni kwamba yeye ndiye hakutaka kuuona ule mguu. Miezi mitatu ikapita. Wiki moja mfuko ulirudi mtupu, na ndani yake kulikuwa na karatasi iliyoandikwa na Joyce, jirani, kwa maneno ya bibi: "Mfuko umefika. Wewe bado hujafika."

Alifunga kibanda mchana uleule. Alimkuta bibi barazani anachambua mchele, magongo yameegemea ukuta. Alipiga magoti, akamwamkia mbele ya Joyce na watoto wa jirani. Kisha akaomba kufungua bandeji. Aliosha kidonda, akakikausha, akakifunga upya. Bibi alimwita Yared, jina lake la ubatizo. Lile la utani hajalitumia tena hadi leo, na Yared hajamuuliza. Anajua alilipoteza kule Kariakoo.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba habari hii isimuliwe kanisani, na baadaye iandikwe.

FUNZO

Ndugu zangu, kupenda katuni na fulana za vijana si dhambi. Dhambi ni kumwonea haya mzee aliyekulea kwa sababu ya ndala yake na kitenge chake. Ukijivika uongo mbele ya watu usiowajua, siku moja utalazimika kuulipia kwa mtu unayemjua. Ukimsindikiza mgonjwa, saa ya daktari ndiyo saa yenu. Usiichanganye na shughuli zako, wala usimwambie "kidogo tu" mtu ambaye kila hatua inamuuma.

Na enyi mlioteleza kama Yared: msitume mifuko kwa dereva. Nendeni wenyewe, na aibu yenu mkiwa mmeibeba. Nao wale wabeba mizigo, na Mama Perpetua, na Happiness aliyepiga simu kutoa pole, hawakuwa ndugu wa Debora, na walimtendea kindugu. Je, wewe uliye ndugu?

Siku hizi Yared huja Kilosa kila baada ya wiki mbili. Jumapili iliyopita alikuwa ameinama mlangoni anafunga viatu, gari la Mikumi linapiga honi barabarani, bibi akamshika bega.

"Wiki mbili ni nyingi, Yared. Jumapili ijayo uje tena. Usibebe kitu. Uje tu, tukae."