Ukuta wa Jumba la Wanawake

Jua lilikuwa linazama nyuma ya ngome mama mkwe alipomkabidhi Jamku mtungi wa mtindi. Ulikuwa wa kuchanganya na chokaa. Bila mtindi, lipu ya kule juu haing'ai.

"Mpelekee mumeo, mwanangu. Anakusubiri."

Mwanangu? Miaka yote alimwita "we mwanamke".

"Leo nimekuwa mwanao, mama?"

"Nenda huko, usiniletee maneno. Giza linaingia."

Jamku akapanda. Ngome ya watawala wa zamani ilikuwa inatengenezwa iwe hoteli, na fundi mkuu alikuwa Bhanwar, mumewe. Kila kitu kilikubali kusimama, isipokuwa ukuta mmoja wa jumba la wanawake. Wanaujenga, unaanguka. Wanaujenga tena, unaanguka. Mwenye ngome akasema ukianguka tena, Bhanwar afungashe vyake. Kisimani wanawake walinong'ona kwamba ukuta wa namna hiyo unataka mtu wa kujengewa ndani.

Kwenye lango la kwanza aliona viatu. Vya kiume, vya ngozi, vimetariziwa, ncha zimepinda juu.

Shemeji!

Kaka mkubwa wa mumewe huvaa vya namna hiyo. Haraka akavuta shela hadi kidevuni, kama inavyompasa mke wa mdogo mtu. Uso wa shemeji hakuwahi kuuona, wala hakuwahi kusema naye. Alimjua kwa miguu tu.

Viatu vikageuka. Akavifuata.

Lango la pili, kona. Lango la tatu, kona. Kwata... kwata... Harufu ya chokaa mbichi. Kisha harufu nyingine, kama maua ya harusi yaliyooza.

Viatu vikapita juu ya lipu mbichi sakafuni.

Havikuacha alama.

Mtungi ukamponyoka.

Mbele yake ukutani palikuwa na tundu la kumtosha mtu aliyesimama. Kando yake mawe yalikuwa yamepangwa tayari. Juu ya mawe, shela yake nyekundu ya harusi. Ile iliyofungiwa sandukuni. Ufunguo anao mama mkwe.

Na huku juu hapandi mtu na mzigo bila Bhanwar kujua.

Jamku akaufunua uso. Ndani ya vile viatu alisimama mwanamke. Chokaa ilikuwa imemjaa kinywani.

"Na mimi niliambiwa mume wangu ananisubiri," alinong'ona. "Viatu hivi ni vyake. Bado namtafuta..."

Jamku alikimbia, lango baada ya lango. Chini ya mteremko akakutana na Bhanwar anapanda, ndoo ya chokaa mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Alipomwona, akasimama ghafla.

Hakumuuliza ana nini. Hakumuuliza kwa nini analia.

"Nani kakwambia ushuke?"

Jamku akamtazama baba wa watoto wake. Nyuma yake mwenyewe... kwata... kwata... viatu vilikuwa vinateremka. Kumwambia "kimbia" kulihitaji pumzi moja tu.

Akasogea kando, akavipisha.