Ndala za Kabula Zinaruka

Kabula ana ndala mpya za njano. Leo amesimama juu ya ubao wa magurudumu, kwenye sakafu ya Bibi ya kuanikia mpunga.

Ubao ni wa Kaka Masanja, mtoto wa shangazi. Kesho anarudi kwao.

"Ukiupindua leo, nakuachia," alisema. "Usipoweza, naondoka nao."

Kabula aliutaka ubao ule. Aliutaka kwelikweli!

"Ruka juu," Kaka Masanja akaonyesha. "Piga ukingo kwa kidole cha mguu. Ubao uzunguke chini yako, halafu utue juu yake."

Ruka! Piga! Tua!

Kabula akaruka. Akapiga.

Fyuuu! Ndala ikaruka. Ubao ukabaki palepale.

Ndala ikamwangukia kuku. "Kokokoo!" Kuku akakimbia kumshtakia jogoo.

Ruka! Piga! Tua!

Fyuuu! Ndala ikaruka. Ubao ukabaki palepale.

Chubwi! Ndala ikaingia kwenye sufuria ya maharage, Bibi alipokuwa akipika pembeni.

"Jamani!" Bibi akasema. "Na hii tutaila na wali?"

"Samahani, Bibi."

Ruka! Piga! Tua!

Fyuuu! Ndala ikaruka, ikazunguka, ikatua kichwani kwa Kaka Masanja.

"Ndala imeshajua," akasema. "Bado wewe!"

Kabula akataka kulia. Jua lilikuwa linashuka.

Akaziangalia ndala zake. Wakishindana mbio shuleni, watoto huzivaa wapi?

Mikononi!

Basi Kabula akazivua miguuni, akazivaa mikononi.

"Heee! Sasa utatembea kwa mikono?" Kaka Masanja akacheka mpaka akakaa chini.

Ruka! Piga! Kidole kikagusa ukingo. Ubao ukazunguka!

Lakini Kabula akaanguka. Pwaa! Ndala zikafika chini kwanza.

"Sijaumia!" akapiga kelele. "Tena!"

Ruka! Piga! Ubao ukazunguka...

Tua!

Miguu yote miwili, juu ya ubao! Krrrrr! Ubao ukateleza moja kwa moja kwa kuku.

"Kokokoo!"

Bibi akapiga vigelegele. Kaka Masanja akashika kiuno.

"Haya, ubao ni wako," akasema. "Lakini niazime hizo ndala na mimi nijaribu."

Baada ya kula, Bibi akaja kumfunika Kabula shuka. Ubao ulikuwa umelala pembeni yake.

"Umenawa miguu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na ndala ziko wapi?"

Kabula akatoa mikono nje ya shuka. Ndala zilikuwa bado zimevaliwa.

"Lala salama, Bibi," akasema, akampungia kwa ndala zote mbili.