Kijani Chini ya Ganda la Zambarau

Eliane hakuwa na mama. Mama alizikwa njiani, mwaka ule familia ilipokimbia kutoka Minembwe, Kongo. Hakuwa na viatu vya shule, wala taa ya kusomea, wala kitanda chenye miguu. Baba alikuwepo, lakini alichunga ng'ombe wa watu huko Masha na alirudi mara moja kwa mwezi. Nyumba yao haikuwa na mlango wa mbao; mlango ulikuwa gunia. Haikuwa na bati wala nyasi juu. Paa na kuta zilikuwa turubai jeupe la plastiki, shitingi kama walivyoliita, lililofungwa kwenye miti, kama nyumba nyingi za Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2012.

Kila asubuhi aliamka kabla ya bibi yake, Mukarukundo, ambaye alimwita Nyogokuru kama wanavyoita watu wa kwao. Alibeba dumu hadi bombani, akapanga foleni, akarudi na maji. Nusu ya maji ilikuwa ya kupikia na ya kumwogesha mdogo wake Ishema, mwenye miaka minne. Nusu nyingine aliimwaga kwa kopo, shina kwa shina, kwenye mistari miwili ya viazi nyuma ya nyumba. Kisha alikwenda shule, darasa la sita.

Viazi vile havikuwa vya kawaida. Mzee Rugamba, mwalimu wa kilimo aliyestaafu ambaye sasa alijaribia mbegu za kituo cha utafiti, alivileta kutoka kwake Biharwe, nje kidogo ya Mbarara. Aligawa mbegu kwa nyumba sita za Kashojwa. Aina moja ilikuwa na ganda la buluu iliyokolea, nyingine ganda la zambarau. Alitaka kujua ni ipi itakayostahimili joto la Isingiro.

"Hii moja panda hapa, hii ingine pale. Usichanganye," alimwambia Eliane kwa Kiswahili chake cha biashara. "Nyogokuru yako hajui kuandika, wewe unajua. Basi wewe ndiye utaandika. Kitu umeona, andika. Kitu hujaona, wacha."

Akampa daftari jipya. Eliane alilipenda kuliko nguo yake ya kanisani.

Msimu wa kwanza aliandika vizuri. Viazi kumi vya buluu vilizaa sitini na vitatu, vidogo lakini vingi. Kumi vya zambarau vilizaa arobaini na moja, vikubwa, ingawa majani yake yaliungua mapema kwa ugonjwa wa madoa meusi. Wenzake shuleni walimtania kwamba viazi vya buluu vimempaka rangi mdomoni.

"Eliane, onyesha lulimi! Lulimi lwa buluu!"

"Njoo nikuonyeshe," alijibu, akawatolea ulimi wote. Walicheka, naye alicheka.

Siku ya mavuno Mzee Rugamba alikuja tena. Alichukua kiazi cha zambarau, akakikwaruza kwa ukucha. Chini ya ganda nyama ilikuwa nyeupe.

"Sikiliza, mtoto. Kiazi kikipigwa na mwanga, kinageuka kijani, kinaingia sumu. Cheupe kitakuonyesha, utakitupa. Lakini hivi vina ganda jeusi-jeusi, havionyeshi kitu. Chimba shimo ndani ya nyumba, tandika nyasi kavu, funika giza kabisa. Kila Ijumaa kwaruza vitatu, uangalie, uandike."

"Ndiyo, mzee."

Mzee alipoondoka, Eliane alianza kuchimba. Ardhi ya ndani ya nyumba ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu kama tofali, na jembe lilikuwa na mpini uliopasuka. Baada ya shimo la kina cha kiganja, mikono ilimtoka malengelenge.

"Wacha kujiumiza," Nyogokuru alisema. "Shimo la nini? Kwetu Minembwe birayi, viazi vyetu, tuliweka ndani ya nyumba tu, juu ya dari. Hakuna kilichoharibika. Ndani ni ndani."

Nyogokuru hakudanganya. Lakini nyumba ya Minembwe ilikuwa ya nyasi nene zilizojaa masizi, na ndani yake mchana ulifanana na jioni. Nyumba ya Kashojwa ilikuwa ya plastiki. Jua lilipopanda, kuta zote ziling'aa, na mtu aliweza kusoma kitabu akiwa ameketi kwenye kona. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa na ukungu, hakuliona hilo. Eliane aliliona, lakini mikono ilimuuma na shimo akaliacha. Alivimwaga viazi kwenye kona, akatupia gunia juu yake, na gunia likawa linateleza kila Ishema alipocheza.

Ijumaa ya kwanza alikwaruza vitatu. Ijumaa ya pili alikuwa na mtihani. Ijumaa ya tatu alichoka. Akakaa chini akaandika, kwa Ijumaa ya pili na ya tatu pamoja: "Nimeangalia. Ni vyeupe, vizuri." Ilikuwa rahisi sana, hata akaandika Ijumaa mbili zilizofuata palepale, kwa kalamu ileile.

Mwezi huo posho ya chakula ilichelewa. Siku kumi zilipita, kisha kumi na nne. Maharage yaliisha. Asubuhi moja Nyogokuru aliuliza kama viazi bado ni vizima, naye Eliane akafungua daftari akamwambia ni vizuri. Nyogokuru alichota viazi kutoka konani, akavichemsha na maganda yake ili chochote kisipotee.

Eliane alirudi kutoka shule akakuta sufuria karibu tupu. Alionja kimoja. Kilikuwa kichungu, kikamwasha koo.

"Ni ladha ya kigeni," Nyogokuru alisema. "Mwenye njaa hachagui. Ishema amekula vingi, ameshiba leo."

Kabla jua halijashuka, Ishema alianza kutapika. Alishika tumbo, akalia kwamba kichwa kinamgonga. Kisha akaacha kulia, na hilo liliwatisha zaidi. Constance, mjane wa nyumba ya pili, alimbeba mgongoni mbio hadi zahanati. Mganga alimtazama macho, akafinya ngozi ya tumbo isiyorudi mahali pake, akaita gari la wagonjwa. Nyogokuru alipanda humo kwenda Mbarara, akiwa peku.

Kesho yake, Jumamosi, habari ya viazi ilikuwa imefika kila mahali. Mzee Rugamba alipofika kwa baiskeli kwa ziara yake ya kawaida, wanaume walimzuia njiani.

"Umeleta sumu kwa batoto!"

"Mimi mwenyewe nakula hivi viazi nyumbani," alisema.

Mtu akarusha jiwe, likampata begani. Mzee aligeuza baiskeli akaondoka. Wanaume wakaenda nyumbani kwa Eliane, wakang'oa mistari yote miwili, mbegu ya msimu wa pili ikiwa ndiyo kwanza imechipua. Wakang'oa na ya jirani mwingine aliyegawiwa mbegu. Eliane alisimama kwenye gunia la mlango, akatazama.

Jumapili, baada ya ibada, watu walibaki kanisani kuamua juu ya mashamba manne yaliyosalia. Mzee Gakwaya, mwenyekiti wa kijiji, alisimama mbele.

"Tuvichome vyote leo," walisema wengi.

Constance aliinuka. "Nilichelewa kupanda, wiki moja tu nivune. Nina batoto batatu. Posho haijafika. Mukichoma, munipe nyinyi chakula?"

Gakwaya alimwita Eliane. "Wewe uliandika kwa ajili ya yule mzee. Lete daftari, usome."

Eliane alisoma kwa sauti ndogo: "Nimeangalia. Ni vyeupe, vizuri." Ijumaa baada ya Ijumaa.

"Basi mmesikia," Gakwaya alisema. "Vilitunzwa vizuri, vikaangaliwa kila wiki, na bado vimekaribia kumuua mtoto. Sumu ni ya viazi vyenyewe. Constance, pole mama. Tutachoma."

Constance alikaa chini taratibu, akafunika uso kwa kitenge. Mabega yake yaliyotikisika ndiyo yaliyomfanya Eliane aseme.

"Nilidanganya."

"Umesema nini?"

"Sikuangalia. Ijumaa nne niliandika uongo. Sikuchimba shimo. Viliangaziwa na jua ndani ya shitingi mwezi mzima. Mzee Rugamba alinionya." Alianza kulia. "Si kosa la viazi. Ni mimi."

Mwanamke mmoja akasema kwa nguvu, "Mwongo! Ungeacha shamba la mwenzako lichomwe?"

Gakwaya hakutaka maneno matupu. Alituma mtu alete viazi vilivyobaki konani. Akakwaruza kimoja kwa kisu: chini ya ganda la zambarau kulikuwa kijani, kijani cha jani. Akakwaruza cha buluu: kijani vilevile. Kisha wakaenda shambani kwa Constance, wakafukua kimoja kutoka ardhini, wakakikwaruza. Kilikuwa cheupe.

"Mashamba yabaki," alisema. Hakumsifu Eliane, na watu walipotawanyika hakuna aliyetembea naye.

Ishema alilazwa siku tisa. Alirudi na Nyogokuru, shingo yake nyembamba kama ya kifaranga, miguu haitaki kumbeba. Lakini alikuwa hai, na aliomba uji. Eliane alimnywesha kwa kijiko, kisha akamwambia bibi yote.

Nyogokuru alimvuta Ishema mapajani.

"Na mimi nilisikia uchungu mdomoni," alisema. "Nikaona haya kusema kwamba njia ya kwetu ya kuweka birayi haifanyi kazi huku. Nikampa mtoto aendelee kula. Kwa hiyo hatia tumegawana. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Mimi sijui kusoma. Ulipofungua lile daftari ukaniambia ni vizuri, nilipika kwa kuamini mkono wako. Anayeandika ni macho ya wasioona. Ukiandika kitu ambacho hukukiona, kuna mtu atakila. Uvivu wa kuchimba ungesameheka siku ileile. Uongo ndio uliotupeleka Mbarara."

"Nifanye nini sasa?"

"Kuna mzee Biharwe aliyepigwa jiwe kwa ajili yako. Huko Mbarara nilisikia wakubwa wake wanaamini aliwalisha wakimbizi sumu. Anza hapo."

Eliane aliandika mchana kutwa. Aliandika kwamba buluu ilizaa zaidi na zambarau iliugua mapema, kwa sababu hayo aliyahesabu mwenyewe. Aliandika zile Ijumaa nne alizozizua, moja moja, na tarehe zake. Aliandika kwamba Constance amevuna na watoto wake wamekula bila kuugua. Mwisho aliandika, "Nisamehe, mzee. Waonyeshe wakubwa wako barua hii, na jina langu usilifute."

Mzee Gakwaya alisoma, akatia sahihi yake chini ya ile ya Eliane. Hawakuwa na gundi. Nyogokuru alikoroga unga kidogo wa posho kwa maji ya moto, akaupaka kwenye ukingo wa bahasha, na Eliane akaubonyeza kwa kidole gumba mpaka ukashika. Kisha akaipeleka barabarani, akampa dereva wa gari la maziwa la Mbarara aliyekubali kuifikisha Biharwe, akasimama mpaka alipomwona anaitia katika mfuko wa shati na kuufunga kifungo.